Nguvu za kiume zimepungua nikiwa na miaka 43. Nile nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 43. Napakia mzigo bandarini Dar es Salaam, napita Tunduma mpaka Lubumbashi. Kwa karibu mwaka mzima sasa jogoo hapandi mtungi. Uume unasimama nusu, kisha unalegea kabla hatujafika popote. Hata ule wa asubuhi siku hizi ni mara chache sana. Nina kilo 97 na urefu wa sentimita 171. Sigara navuta kama nusu pakiti kwa siku, bia nakunywa nikiwa nyumbani, na njiani nakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu vitatu au vinne ili nisisinzie. Kwa sababu ya hivyo vinywaji usiku naamka kukojoa mara mbili au tatu. Nimekunywa supu ya pweza, nimekula mihogo mibichi na karanga na nazi, nimetumia vumbi la Kongo. Vumbi lilifanya kazi ndani ya saa moja, lakini uso uliwaka moto, kichwa kikauma na moyo ukaenda mbio. Mtaalamu mmoja wa mitishamba ameniambia nina chango, na kwamba mishipa imelegea kwa punyeto ya ujanani. Mke wangu anadhani nina nyumba ndogo. Naomba uniambie nile nini ili nguvu zirudi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza kwa uwazi, na uwazi huo umenirahisishia kazi. Umeuliza ule nini, na nitakujibu. Lakini kuna sentensi moja katika barua yako niliyoisoma mara mbili, nayo wewe umeipitia juu juu: kwamba usiku unaamka mara mbili au tatu kukojoa. Umevilaumu vinywaji. Mimi nikiweka pamoja umri wako, kilo 97 kwenye urefu huo, kazi ya kukaa kutwa, na uume uliodhoofika kidogo kidogo kwa mwaka mzima, nafikiria sukari. Sijakupima, kwa hiyo sisemi unayo. Ninachosema ni kwamba kabla hujatoa tena hata shilingi moja kununua kitu cha kuongeza nguvu, ingia kituo cha afya asubuhi ukiwa hujala wala hujanywa chai, upimwe sukari na presha. Omba na kipimo cha lehemu, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, kama kipo.

Magonjwa haya mawili hukaa mwilini miaka bila kuuma popote. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu mmoja kati ya kila wanne ana presha ya juu, na mmoja kati ya kila 11 hivi ana sukari iliyopanda. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na ikapimwa siku nyingine ikabaki hapo, hicho ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 bado hujaingia, lakini umeshika kitasa cha mlango. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, una presha. Wanaume wenye kisukari karibu nusu yao hupata tatizo hili ulilonalo, na huwafika miaka mingi mapema kuliko wenzao.

Nataka uelewe kwa nini naanzia kwenye damu na siyo jikoni. Uume wa binadamu hauna mfupa. Kinachousimamisha ni damu. Ukipata ashiki, ubongo hutuma ujumbe kwenye neva, kisha neva na kuta za mishipa ya damu hutoa gesi iitwayo naitriki oksidi. Gesi hiyo hulegeza mishipa, damu inaingia kwa wingi na kujaza nyama ya ndani ya uume, na kujaa huko hubana mishipa ya kurudishia damu ili isitoke mapema. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kazi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu. Sasa tazama vitu vinavyozifanya kuta za mishipa zishindwe kuitoa: sukari nyingi katika damu, presha, moshi wa sigara, lehemu, mafuta ya tumboni, kukosa usingizi. Karibu vyote umevitaja mwenyewe, au vinanukia katika maelezo yako.

Halafu kuna suala la upana. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Uchafu unaopunguza njia kidogo tu kwenye bomba la inchi mbili huliziba kabisa bomba la nusu inchi. Ndiyo sababu uume hulalamika kwanza na moyo hufuata, mara nyingi miaka miwili hadi mitano baadaye. Mwanaume aliyevuka miaka 40 akiingia chumbani kwangu na kuniambia uume hausimami vizuri, namfunga mkanda wa presha kabla sijamuuliza lingine. Shida yako imekuja mapema kiasi cha kukupa nafasi ya kuulinda moyo wako, na nakusihi uitumie.

Kuhusu asubuhi. Mwanaume mwenye afya uume wake husimama wenyewe mara tatu hadi tano usiku akiwa usingizini, hata bila ndoto ya mapenzi. Tatizo likiwa la mawazo au hofu peke yake, kule kusimama kwa usiku na alfajiri kwa kawaida hubaki kulekule, na shida huwa imeanza ghafla, labda baada ya ugomvi, msiba au deni. Kwako kumepungua, na kumepungua polepole. Dalili hizo mbili zinaelekeza mwilini, ingawa hofu nayo imeshajiunga, na hiyo nitaifikia.

Punyeto haikukufanya hivi. Hakuna mshipa unaolegea kwa sababu hiyo, na kama ungekuwepo, tusingemaliza kutibu wanaume wa dunia hii. Umebeba lawama hiyo miaka mingi bila sababu, itue leo. Na chango, kama kweli unaumwa chini ya kitovu, maumivu hayo yanaweza kuwa ngiri, mawe ya figo au maambukizi ya njia ya mkojo, na yote hayo yana vipimo. Mtu anayekutajia chango bila kukugusa tumbo wala kupima mkojo anakuuzia dawa tu.

Tuje kwenye ulivyovila. Jioni ukipita Dar es Salaam utaona meza za pweza na wanaume wamezizunguka, kila mmoja na bakuli lake. Pweza ni chakula kizuri. Ana protini nyingi, mafuta kidogo, madini ya chuma na zinki, na vitamini B12. Mwanaume aliyepungukiwa zinki homoni yake ya kiume hushuka, na akiipata hupanda. Lakini mtu anayekula nyama, samaki na maharage hana kawaida ya kupungukiwa zinki, na kuongeza juu ya kinachotosha hakumletei kitu. Joto unalolisikia ukimaliza bakuli ni la pilipili na tangawizi. Kunywa ukiipenda, punguza chumvi.

Karanga nazo ni nzuri, konzi moja kwa siku, zisizotiwa chumvi. Nazi kipande kidogo, maana mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu. Muhogo mbichi ndio sipendi uuzoee. Muhogo una sumu ya sayanaidi ambayo hupungua kwa kulowekwa, kukaushwa vizuri na kupikwa. Ile mitamu ina kidogo, ila mchungu una nyingi, na wewe ukinunua kando ya barabara hujui umeng'olewa shamba gani. Tarime mwaka 1985 watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, baada ya njaa kuwalazimisha kula unga wa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo. Vipande viwili vya kijiweni havitakupooza. Lakini pia havina chochote cha kuupa uume wako zaidi ya wanga, na wanga unao wa kutosha.

Tikiti maji lina kiini kiitwacho sitrulini, ambacho mwili hukitumia kutengeneza ile naitriki oksidi. Hapo watu wana hoja. Watafiti wa Italia walitoa mwaka 2011 majibu ya wanaume 24 wenye tatizo jepesi waliopewa gramu 1.5 za sitrulini kila siku kwa mwezi mmoja, na nusu yao walipata nafuu. Ni utafiti mdogo, na kiasi hicho ukikitafuta kwenye tikiti lenyewe itabidi ule nyingi kila siku, pamoja na sukari yake. Sitakushauri hivyo kabla hatujajua sukari yako iko wapi. Kipande kimoja baada ya chakula hakina neno.

Vumbi ndilo linalonitia wasiwasi, na hapa naomba usome taratibu. Uume kusimama ndani ya saa moja, uso kuwaka, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio: orodha hiyo nimeisoma mara nyingi, imeandikwa kwenye karatasi inayokuja na vidonge vya sildenafil, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imekuta sildenafil au dawa za ukoo wake ndani ya mamia ya bidhaa zilizouzwa kama mizizi na majani matupu, bila kutajwa kwenye kifungashio. Kifuko kisicho na jina la kiwanda wala namba ya usajili kinaweza kuwa na robo ya kidonge leo na vidonge vitatu kesho. Mkono uliopima haukuwa na mizani.

Sildenafil yenyewe si sumu. Ilianza kama dawa ya maumivu ya kifua kwenye maabara za Pfizer mjini Sandwich, Uingereza. Moyo haukusaidika sana, lakini wanaume waliokuwa kwenye majaribio waliripoti kusimama kwa uume, na Machi 1998 Marekani ikaidhinisha itumike kwa kazi hiyo. Inatumika salama na mamilioni ya wanaume. Hatari yake kubwa ni ikikutana na dawa za jamii ya naitreti, zile anazopewa mwenye maumivu ya moyo, mara nyingi kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Zikikutana, presha inaporomoka ghafla na mtu anaweza kufa. Mwanaume aliyekunywa vumbi hajui kama ana sildenafil mwilini, kwa hiyo hawezi kumwonya anayemtibu. Na mwenye sikoseli ajihadhari mara mbili, maana uume wake unaweza kusimama ukakataa kulala. Ukikaa hivyo kwa zaidi ya muda wa saa nne, kwa mtu yeyote, ni dharura ya hospitali usiku huohuo. Kuchelewa huharibu nyama ya ndani moja kwa moja.

Sasa swali lako: ule nini. Hakuna chakula kimoja. Kuna namna ya kula ambayo baada ya miezi kadhaa inairudishia mishipa uwezo wake, na inawezekana hata kwa mtu anayekula kwa mama lishe. Najua barabara yako. Ukipita Ruaha Mbuyuni kuna vitunguu, Ilula kuna nyanya, na kuanzia Makambako mpaka Mbeya parachichi zimejaa kando ya njia. Nunua, weka kwenye gari. Ukifika kwa mama lishe, agiza kwanza mboga: mchicha, matembele, kisamvu, chochote cha kijani alicho nacho, na mwombe sahani ijae nusu. Majani hayo yana naitreti ya asili ambayo mwili huigeuza kuwa gesi ileile niliyokueleza, na haina hatari ya zile dawa za moyo. Halafu maharage au samaki au dagaa. Ugali uwe wa dona ikiwezekana, na mlima wake ukatwe theluthi. Nyama choma mara moja kwa wiki inatosha, na kongoro lenye mafuta yanayoelea liache. Chipsi mayai za saa nne usiku zifute kabisa. Mafuta yale yamekaangiwa tangu mchana, na wewe unayapeleka moja kwa moja kitandani. Chumvi ya mezani isikufikie mkono. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na ile iliyopikiwa imo humo.

Vinywaji ndivyo nitakavyokuwa mkali. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35 hadi 40, yaani vijiko vya chai vinane au tisa. Vinywaji vya kuongeza nguvu vingi viko hapohapo kwa kipimo, na juu yake kuna kafeini inayokunyima usingizi ukipata nafasi ya kulala. Ukinywa vinne, umekunywa vijiko zaidi ya 30 vya sukari bila kutafuna kitu. Kama sukari yako imepanda, hapo ndipo ilipopanda. Viache wiki hii, si mwezi ujao. Weka maji, na ukihitaji kitu cha kukuchangamsha kunywa kahawa isiyo na sukari kabla ya saa nane mchana. Macho yakiwa mazito, egesha na ulale dakika 20. Tajiri atapiga simu, mwache apige. Na mirungi hukuitaja, lakini najua inauzwa kwa siri kwenye njia hiyo. Inabana mishipa na kupandisha presha, na baada ya kuchangamka huja kuchoka kuliko kwanza.

Usingizi wenyewe ni dawa ambayo wanaume hawaihesabu. Chuo Kikuu cha Chicago kilitoa mwaka 2011 majibu ya vijana 10 wenye afya waliolazwa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja. Homoni yao ya kiume, testosteroni, ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao walikuwa vijana, na ni wiki moja. Mke wako atakueleza kama unakoroma kisha pumzi inakatika na unashtuka. Kama ndivyo, mwambie daktari, kwa sababu ugonjwa huo unashusha nguvu za kiume, unapandisha presha, na unamlaza dereva kwenye usukani.

Sigara: acha. Utafiti mmoja wa Iran uliotoka mwaka 2004 uliwafuata wavutaji wenye tatizo la uume kwa mwaka mmoja. Walioacha, angalau robo yao walipata nafuu. Walioendelea, hakuna hata mmoja. Bia mbili siku ya mapumziko sizipingi, ila kreti la Jumamosi linashusha homoni na kuzima neva, na kesho yake unajilaumu bure.

Kitambi kinanipa kazi zaidi. Mafuta ya tumboni hubadilisha testosteroni kuwa homoni ya kike, na hutoa kemikali zinazoumiza kuta za mishipa. Chukua futi ya fundi cherehani, ipitishe usawa wa kitovu. Kipimo kizuri ni kisichozidi nusu ya urefu wako, kwako ni kama sentimita 85. Usilenge huko mwaka huu. Lenga kupunguza kilo 10. Nasema 10 kwa sababu kuna ushahidi mzuri: mwaka 2004 watafiti wa Naples, Italia, walichapisha habari za wanaume 110 wanene wenye tatizo kama lako, wa miaka 35 hadi 55, wasio na kisukari wala presha. Nusu yao walifundishwa na kufuatiliwa kupunguza chakula na kuongeza mazoezi, lengo likiwa kupungua angalau sehemu moja ya kumi ya uzito. Nusu nyingine walipewa maelezo ya jumla tu. Baada ya miaka miwili, 17 kati ya 55 wa kundi la kwanza uume ulikuwa umerudi kwenye hali ya kawaida. Kundi la pili walikuwa 3. Hawakupewa kidonge wala mzizi. Ni kweli pia kwamba zaidi ya nusu hawakufika huko, ndiyo maana sikuahidi kila kitu kupitia sahani.

Mazoezi yanayosaidia ni yale ya kukutoa jasho na kukupandisha pumzi: kutembea haraka, kukimbia, baiskeli. Kipimo ambacho tafiti zimekutana nacho ni dakika 40, mara nne kwa wiki, kwa miezi sita. Foleni ya Tunduma inaweza kukaa siku. Mwachie utingo gari, utembee kabla jua halijawa kali.

Kuna zoezi jingine ambalo utalifanya hata ukiwa kwenye kiti. Bana misuli ya chini kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, uone uume unavutwa ndani kidogo, ushikilie hadi sekunde 10, uachie. Usibane tumbo wala makalio, na usizuie pumzi. Fanya mara chache asubuhi na jioni kila siku, umekaa, umesimama na umelala. Misuli hiyo ndiyo inayozuia damu isitoke upesi uume ukishasimama, na wewe umesema wako unalegea mapema. Uingereza, mwaka 2005, wanaume 55 walifundishwa zoezi hilo, na baada ya miezi sita asilimia 40 walikuwa wamerudi kawaida. Ni bure, na sijui kwa nini haliimbwi vijiweni kama pweza.

Mke wako. Mwanamke anayeona mume wake karudi safari baada ya wiki tatu na kugeukia ukutani atawaza nini zaidi ya nyumba ndogo? Mwambie. Si kwa fumbo, mwambie kwamba mwili umekugomea, unaona aibu, na unakwenda kupima. Ikiwezekana nendeni pamoja. Nimeona ndoa nyingi zikipumua baada ya mazungumzo ya dakika 10 ambayo mume aliyakwepa mwaka mzima. Hofu nayo ina njia yake mwilini: mtu akiogopa, adrenalini hubana mishipa ya uume, na usiku ulioshindwa unazaa usiku mwingine. Kwa muda mfupi, kubalianeni kukaa karibu bila sharti la kuingiliana. Na usijipime kwa wauza vumbi wanaoahidi saa mbili. Mwaka 2005 wanandoa na wapenzi 500 wa nchi tano, zikiwemo Uholanzi, Uturuki na Marekani, walijipima kwa saa ya kuhesabu. Muda wa kati, tangu kuingia mpaka kumwaga, ulikuwa dakika 5.4.

Ukikutwa na presha, mwambie daktari kuhusu uume kabla hajaandika dawa. Baadhi ya dawa za zamani, kama propranolo, atenolo na zile za kukojosha, zinaweza kupunguza nguvu. Amlodipini na losatani kwa kawaida hazina shida hiyo. Ila ukishaanzishiwa dawa usiiache mwenyewe, rudi ubadilishiwe. Ukikutwa na kisukari, kuituliza sukari ndiyo tiba ya kwanza ya uume wako.

Na vidonge? Vikihitajika, daktari akishakupima presha na moyo, anaweza kukuandikia sildenafil ya duka la dawa linalotambulika, kwa kawaida kuanzia miligramu 50, saa moja kabla, isiyozidi mara moja kwa siku. Usiinywe baada ya mlo wenye mafuta mengi, maana huchelewa. Pia haiamshi hamu. Bila ashiki haifanyi kitu, na wengi wanadhani ni feki kwa sababu hiyo. Ikipewa kwa utaratibu huu wakati unapunguza uzito na kuacha sigara, inakusaidia kuvuka, wala huhitaji kuionea aibu.

Hadi utakapopima, usitumie vumbi tena. Na ikitokea uko barabarani, kifua kikabana, maumivu yakapanda taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho la baridi likakutoka, egesha hapohapo na mtume utingo atafute gari la kukupeleka hospitali. Ukifika, jambo la kwanza kumwambia daktari, kabla hata ya jina lako, ni kama umetumia vumbi au kidonge cha nguvu za kiume ndani ya siku mbili zilizopita, na ilikuwa saa ngapi.